Mukeka Yenye Maji

Nyumbani kwa binti yangu, huku mtaani Lumumba, ukuta umelowana, na harufu ya udongo wake imenirudisha utotoni. Kila asubuhi mukeka yangu ilikuwa na maji. Ndugu zangu wakubwa waliimba: «Kikojozi! Kikojozi!» Siku moja baba akaamua niibebe kichwani mbele ya majirani wote. Nilikuwa nimekwisha kuibeba, ninalia, wakati koko, mama wa baba, aliinama penye nilikuwa nalala, akasukuma kidole mu ukuta ya potopoto, ya matope. Kidole kikaingia chote, kama mu fufu, ugali ya muhogo, ya moto. Akatoka inje, akakuta maji ya mvua ya manjanja, yale mabati ya paa, imechimba shimo chini ya ukuta.

«Weye, achilia mutoto! Nyumba yako ndiyo inakojoa.»

Baba akaenda kutafuta jembe ya kufukia lile shimo. Miye nikatupa mukeka, nikakalia kiti ya baba.