Kisahani cha Vumbi la Magarama

Kwa usafi, Emiliana alikuwa haambiliki. Alikulia kambini Tanzania, akasimangwa mkimbizi mchafu, akaapa kwamba nyumbani kwake hakuna atakayepata la kusema. Hata alipohamia Magarama, mjini Gitega, nyuma ya kiwanda kinachoyeyusha betri kuukuu za magari, alifuta lile vumbi la kijivu asubuhi na jioni. Halikwisha.

Bintiye wa pekee, Klara, alikuwa ameanza kusahau maneno. Tumbo lilimkata, akalia, asiweze kusema panauma wapi. Watu wa kiwanda walisema ni minyoo.

Ndipo akaja Aboubakar, mtafiti, kijana mpole. Aliweka visahani vyeupe kwenye nyua za majirani vikusanye vumbi la moshi, maabara ipime sumu ya madini ya risasi iliyomo, na majirani wapate ushahidi wa kudai kiwanda kihamishwe.

"Mama Klara, nyumba ya kwako ndiyo iko karibu kabisa na moshi," alisema. "Unitunzie hii kisahani vizuri."

"Nitakitunza kama changu, baba."

Angesema tu kisiguswe! Lakini kijana gani humfundisha mama mzima kutunza chombo? Basi Emiliana akakitunza, maskini. Kila asubuhi alikisugua kwa majivu, akakisuuza, akakirudisha kinang'aa. Chombo cha mgeni unakiachaje kichafu?

Mwezi ulipoisha Aboubakar alivikusanya visahani, akaenda navyo maabara. Klara alifariki kabla ya majibu. Walimzika Gasorwe, Muyinga, kwenye kilima cha babu yake.

Baada ya matanga Aboubakar alirudi kutoka maabara Bujumbura, akawasomea majirani majibu. Nyua zote zilikuwa na sumu, isipokuwa mmoja. Msemaji wa kiwanda akatabasamu.

"Nyumba ya ukutani kwetu kabisa iko safi. Sasa hiyo sumu inatoka kwetu namna gani?"

Emiliana aliinuka. "Nilikiosha," alisema. "Kila asubuhi."

"Pole, mama," msemaji alisema. "Lakini vipimo vimeshasema."

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Emiliana akatoka.

Aboubakar alimkimbilia nje. "Usijali, mama. Tutapima damu ya Klara, hiyo hawawezi kukataa. Iko wapi, mtoto?"

"Gasorwe. Kwa babu yake."

"Vizuri, kule hewa iko safi. Atarudi lini?"

Emiliana alifungua mdomo amjibu, na kilio alichokizuia tangu makaburini kikamtoka pale pale barabarani.