Mama na Matuta Yake ya Malangali

Enzi zetu, mtaa wetu wa Malangali haukuwa mjini wala kijijini. Tulivaa sare kama watoto wa mjini, lakini kucha zilijaa udongo, na wenzetu wa Katandala, upande wa mjini, walituita washamba mpaka kengele ilie. Baridi ya Juni ilituuma masikio, nasi tulitoka pekupeku, uji wa ulezi tumboni, hata sweta hatuna. Wanangu leo wakiguswa na kaupepo tu wanataka bodaboda!

Nyuma ya nyumba palikuwa na shamba la mama. Machi moja baba, dereva wa lori, alitaka kujenga vyumba vya kupangisha palepale. "Sisi ni watu wa mjini sasa, mama Peta," alisema. Mama akamjibu, "Huko mjini wanakula matofali?" Tulicheka, baba akanuna. Akaapa kwamba akitoka Mtowisa kuchukua mpunga, fundi anaanza msingi.

Lori lilipoondoka tu, mama akatugawia majembe. Tulikata nyasi, tukazilaza, tukazifukia kwa udongo mpaka shamba zima likajaa matuta ya duara, kama sisi Wafipa tulivyolima tangu zamani. Juu tukapanda maharage. Jamani, mikono ilichubuka! Usiku tulimwomba Mungu aharibu barabara ya Mtowisa, na mvua ikanyesha kweli. Lori likakwama matopeni zaidi ya wiki.

Baba aliporudi na fundi wake, maharage yalikuwa yameshachungulia. Alisimama, mikono kiunoni. Sisi tulijibanza nyuma ya banda la kuku tukingoja fimbo. Alijifanya wa mjini, sawa, lakini Mfipa gani avunje tuta lenye mbegu iliyoota? Akamgeukia fundi: "Ndugu yangu, nenda tu nyumbani. Hapa nimeshindwa."

Siku hizi Malangali ni kuta na mageti. Baba hatunaye, na namkumbuka sana. Mama hawezi tena kuinua jembe, nami nilishaanza kuviota vile vyumba vya kupangisha. Machi hii, kwenye shamba lilelile la mama, nikamkuta binti yangu Neema, yule asiyeachia simu, amekunja suruali anageuza nyasi, bibi yake kwenye kigoda akimchamba: "Hilo ni tuta au kichuguu?"

"Baba, usikanyage hapo!" Neema akanipigia kelele. "Nimeshapanda."

Nikaruka pembeni. Sisi tulilima kwa kumwogopa mama. Huyu hakutumwa na mtu.