Alivyomsalimia Baba Yake Amesimama

Ilianza Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini jioni. Naijua saa kwa sababu mama alikuwa ameniweka mlangoni kungojea baiskeli ya baba wa msichana tuliyekuwa tunaishi naye, na mimi nilikuwa naangalia saa ya ukutani badala ya barabara.

Msichana mwenyewe alikuwa na miaka kumi na sita kama mimi. Huu ulikuwa mwezi wake wa nne kwetu Bariadi. Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia vijijini kushindana na chama cha ushirika, mama mmoja alifika Kasoli, kijijini kwao, ndani ya lori lao, akawaambia wazazi wa msichana atampeleka kusomea cherehani. Cherehani hakuiona. Alifungiwa kwenye baa ya mji mwingine, miaka miwili, bila mshahara wala barua. Alipotolewa, akina mama wa kanisa walimleta kwa mama yangu, fundi nguo. Wiki za kwanza alilala kwenye kizingiti kwa sababu hakutaka mlango ufungwe. Sasa alikuwa anashona sare za shule, na mshono wake ulikuwa umenyooka kuliko wangu.

Baba yake alikuwa anakuja kumwona na, akiridhika, kumrudisha nyumbani. Hilo tu ndilo msichana alilokuwa analitaka. Alikuwa amepiga pasi kitenge mara mbili.

Mzee aliingia na kuku mkononi, akakaa, akangoja. Kwetu hakuna asiyejua anachongoja baba: binti hupiga magoti ndipo asalimie. Msichana alisogea hadi mbele yake, akasimama.

“Mwadila, baba,” alisema. Ni salamu yetu ya jioni.

Mzee hakuitikia. Alimgeukia mama yangu. “Huyu ni mtoto wa nani?”

“Ni wako, baba. Mvumilie, amezoea mambo ya mjini.”

“Wangu aliondoka anajua kupiga magoti.”

Mama akamnong'oneza, na kila mtu akasikia: “Si upige goti tu, we mtoto! Kitu gani?”

Mimi nilikuwa nimeshika beseni la kunawia. Nilijua ni kitu gani. Kule baa, akivunja glasi au mteja akilalamika, alipigishwa magoti stoo juu ya vizibo vya soda vilivyogeuzwa meno juu, mpaka wafunge. Niliziona alama magotini mwake siku tunafua, duara duara, zina meno. Akaniambia, “Ukimwambia mama yako, sikuongeleshi tena.”

Basi nikanyamaza. Lakini niandike ukweli: sikunyamaza kwa ajili ya siri. Nilinyamaza kwa sababu mimi huona haya hata kuomba chaki darasani. Watu wazima wananisifu kwa hilo, wanasema nina adabu. Adabu gani hiyo, kusimama na beseni huku mwenzako anapoteza kwao?

Mzee alimwacha kuku, chai hakuigusa. “Akifundishwa heshima, mniite.”

Mama alimfuata nje akiomba radhi, akiombea kosa asilolijua. Msichana alirudi kwenye cherehani.

“Ulikuwa unaangalia nini?” aliniuliza.

“Si ulinikataza nisiseme?”

“Nilikukataza kumwambia mama yako. Yule ni baba yangu.”

“Nikamwambie?”

“Kesho utaona haya tena.” Akakanyaga pedeli. “Mwambie yeye. Yeye peke yake, usinitangaze.”

Asubuhi, wenzangu wakijiandaa kwenda kanisani, nilichukua baiskeli ya mama bila kuaga nikaenda Kasoli. Wanunuzi binafsi hawana Jumapili. Mzee alikuwa kwenye foleni ya mzani na marobota yake. Nilipiga magoti kwenye vumbi, nikatoa salamu ya asubuhi. “Mwangaluka, baba.”

“Mwangaluka, mwanangu!” Akawageukia wenzake. “Mmemwona mtoto wa watu? Huyu amelelewa.”

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwomba tusogee nyuma ya lori. Pale nikamwambia yote, stoo, vizibo, meno juu, macho yangu yakiwa kwenye kandambili zake. Nikamwambia pia kwamba jana nilikuwa namwangalia binti yake tu, nikijua.

Mzee aliuliza, “Sasa mbona hakusema?”

“Hukumuuliza, baba. Ulimuuliza mama yangu.”

Mtu akamwita, zamu yake ya mzani imefika. Hakwenda. Mimi nilipanda baiskeli bila kungoja kuruhusiwa, nikarudi Bariadi kumwambia msichana kwamba baba yake ameshajua, na kwamba hakuniambia atakuja.