Umeme Uliofika Dukani kwa Mwanvita

Modesta alikuwa mwanamke wa kwanza kijijini kwetu kushika funguo za mashine ya umeme, na kwa miaka ishirini na mbili hakuna aliyethubutu kumwomba azirudishe. Mashine yenyewe ni ndogo. Misheni waliifunga kwenye kijito huku milimani, juu ya Mkuyuni, na inazungushwa na maji ya mfereji. Ilitosha taa za kanisa, za zahanati na za nyumba kama thelathini. Kila alfajiri Modesta alipanda kuondoa majani yaliyoziba mfereji, kisha akateremkia kabichi zake. Alikuwa na mwili mdogo na ulimi mkali, na kama wewe ni mvivu ungemkwepa njiani. Mimi nilimkwepa mara nyingi, ingawa nilikuwa katibu wa kamati ya mashine.

Hakujaliwa kuzaa. Bonifasi ni mtoto wa mdogo wake aliyefariki, naye alimlea tangu hajaota meno. Kijana alipopata kazi na mafundi wa umeme Morogoro mjini, Modesta alitamba mpaka tukachoka kumsikiliza. Kumbe moyoni alikuwa akiogopa. Redio ikisema kuna fundi kapigwa shoti huko Gairo au Kilosa, alimpigia Bonifasi simu na kumuuliza kama amekula. Swali lenyewe alilokuwa nalo hakuwahi kuliuliza.

Mwaka juzi umeme wa gridi ukapanda mlima hadi kwetu. Neno hilo lilienea upesi kuliko waya. Ikawa nyumba ya gridi, taa ya gridi, pasi ya gridi. Kwetu lilikuwa na maana moja tu: umeme mkubwa unaotoka mbali. Pasaka, Bonifasi alipokuja likizo, alitucheka. Alichukua kijiti akachora mistari kwenye majivu ya jikoni, ikikatana huku na huku.

"Gridi siyo umeme, mama mkubwa," alisema. "Gridi ni huu mtandao mzima wa waya zilizoshikana, toka kwenye mabwawa mpaka hii taa yako. Ukitia umeme mahali popote, unatembea kote."

Tuliitikia. Mimi niliitikia kwa nguvu kuliko wote, maana nilikuwa nimeshaona pilau inapakuliwa. Lakini kichwani nilibaki na yangu. Sisi tumekulia kwenye mifereji. Mfereji mkubwa ndio unaoulisha mdogo, na sijaona hata siku moja maji ya shambani kwangu yakirudi kijitoni. Nikajiambia umeme nao una adabu hiyo hiyo, kwamba kimashine chetu hakiwezi kuusukuma umeme wa taifa zima.

Masika ya mwaka huu mti uliangukia waya chini ya kijiji, karibu na daraja, hatua chache kutoka duka la Mwanvita. Tukakaa gizani siku mbili. Asubuhi ya siku ya tatu Janeth, nesi wa zahanati, alikuja kwa Modesta karibu kulia, nami nikiwa pale. Friji la chanjo lilikuwa linapata joto. Tangu gridi ije, zahanati ilikuwa imeondolewa kwenye mashine yetu.

Modesta akanigeukia. "Katibu, ule waya wa zamani si bado upo ukutani?"

"Upo."

"Basi uunganishe. Mimi natangulia kufungulia maji."

Niliuunganisha kwa mikono yangu kwenye bodi ya swichi za zahanati, kando ya waya wa gridi. Swichi kuu ya gridi sikuizima. Nilitaka tujue umeme mkubwa ukirudi, basi, sababu yangu ilikuwa hiyo tu. Naandika haya kwa aibu.

Nikamfuata kwenye kibanda cha mashine. Saa mbili kasorobo alifungua lango la maji, mashine ikanguruma, akaipandisha swichi kubwa. Taa ya kibandani ikawaka, ikafifia kidogo, ikashika. Janeth akapiga simu kushukuru, friji limewaka. Tukakaa kwenye mawe, Modesta akanimegea muhogo wa kuchoma, na kwa mara ya kwanza mwaka huu hakuwa na neno baya juu yangu. Zilipita kama dakika kumi. Simu yake ikaita tena. Alikuwa Mwanvita.

"Dada Modesta, hongereni! Umeme umerudi jamani, ingawa taa zinasinzia. Hawa mafundi wamewahi kweli."

Duka la Mwanvita halijawahi kuwa kwenye mashine yetu, hata kwa siku moja; umeme wetu ulikuwa umepita kwenye ile swichi niliyoiacha, ukateremka kwa waya za gridi. Muhogo ulimdondoka Modesta. Aliivamia swichi akaishusha kwa mikono miwili, akafunga lango, na kibanda chote kikawa kimya.

"Mafundi wako wapi, Mwanvita?"

"Wapo darajani. Nasikia gari lao toka saa moja. Bonifasi wako si yumo? Kanipigia jana nimchemshie chai."

Alimpigia Bonifasi. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita vilevile.

"Dakika kumi, Katibu," alisema. "Dakika kumi zinatosha kuua mtu?"

"Sijui," nikamdanganya. Hata dakika moja ilikuwa nyingi mno.

Tuliteremka. Njia ile ya mashambani huchukua nusu saa wakati wa kiangazi, na siku ile ilikuwa utelezi mtupu. Modesta alianguka mara mbili, akainuka bila kujifuta. Alianza Salamu Maria, akaisahau katikati, akaianza upya. Watu waliokuwa wakipalilia walitusalimu, hatukuwaitikia. Kila tulipofika kwenye kilima alisimama na kunishika mkono ninyamaze, asikilize. Nilijua anasikiliza nini. Kwetu msiba husikika kabla ya kuonekana, na sote wawili tulikuwa tukisikilizia mayowe kutoka barabarani. Mara moja sauti ya mwanamke ilipanda kutoka bondeni. Tulisimama kama tuliopigiliwa misumari. Alikuwa mtu anaita mbuzi.

Niliogopa, sitaficha. Nilimwogopea Bonifasi, na nilijiogopea mwenyewe. Kuna mahali njia inaingia kwenye migomba, na pale nilifikiria kabisa kupotelea humo nisionekane tena.

Dukani Mwanvita alikuwa amewasha jiko, birika limechemka, vikombe vinne vimepangwa. Hakuna aliyekuja kunywa. Modesta alipitiliza. Tulipokata kona tuliona nguzo, na waya umelala chini, na kando ya barabara gari la mafundi. Kando ya gurudumu miguu miwili ilikuwa imetokeza kutoka uvunguni, ya mtu aliyelala kwenye matope. Haikucheza. Modesta alipiga magoti barabarani.

Mara miguu ikajikunja, na mwenye miguu akalitukana lile gurudumu.

Bonifasi alitoka uvunguni na jembe mkononi. "Mama mkubwa! Shikamoo. Gari limenasa toka saa moja, hata ngazi hatujashusha."

Modesta aliinuka akamsogelea. Alimshika mikono, akaigeuza viganja juu, akavitazama kimoja kimoja, kisha akaigeuza tena. Halafu akasema yote, mbele ya wenzake: chanjo, maji, taa za Mwanvita.

"Saa ngapi?" Bonifasi akauliza.

"Saa mbili kasorobo."

Aliitazama nguzo. "Saa mbili kasorobo ningekuwa pale juu," akasema, kisha akaketi kwenye matope.

Mkuu wao, mtu mzima mwenye kofia ya njano, alikuwa amekunja uso. "Na waya wa zahanati aliuunganisha nani?"

Nilifungua kinywa. Modesta akanitangulia.

"Ni mimi," alisema.

Nilimwacha mama wa watu auchukue mzigo wangu. Bonifasi akainua uso, na hakumtazama yeye. Alijua kwamba mama yake mkubwa hajawahi kushika bisibisi maishani mwake. Alinitazama mimi.