Gofu la makusudi

Leo Jumamosi, mwaka wa ishirini na sita tangu tukimbie vita Uvira, Kongo, mke wangu amempa pole mtu ambaye hakupatwa na lolote.

Tulitembelea shamba moja nje ya Lumbadzi, hapa Malawi. Kuna jumba la mawe pale: ukuta nusu, madirisha matupu, paa hakuna.

Mama Furaha akamshika mlinzi wa pale mkono.
"Pole sana, baba. Ni vita gani ilibomoa?"

Mlinzi akacheka mpaka kofia ikaanguka.
"Halikubomolewa, amayi. Mzungu mwenye shamba alilijenga hivi hivi, la kuangalia tu."

"Alilipa fundi ajenge gofu?" Akanigeukia. "Nyumba yetu ya Uvira, watu ba vita balitutengenezea gofu bure!"

Tulicheka wote, mimi hadi machozi.

Kisha akauliza taratibu, "Na ile yetu, Baba Furaha, utaenda kuisimamisha tena lini?"

Miaka yote nimemjibu: mwaka ujao. Ndiyo maana nyumba yetu ya hapa kambini Dzaleka bado ina pazia badala ya mlango.

Leo nilisema, "Tuiache. Iwe ya kuangalia tu."

Akaitikia kwa kichwa.
"Basi, sasa njo utatia mlango."

Chekeni tu, ila mwenye bawaba aniambie.

Uvira sitarudi.