Taa ya Kobe Mashauri

Rutger Hedlund hakuwa mtu wa maneno matamu. Nilikaa nyumbani kwake muda mrefu kabla sijamsikia akimsifu mtu yeyote, na nilipomsikia, aliyesifiwa alikuwa kobe. Alizaliwa Hässelby, pembezoni mwa Stockholm, akakulia kwenye mabanda ya vioo ambamo baba yake alilima nyanya na matango ya kuuza mjini. Naye akalima hivyohivyo mpaka mgongo ukamshinda. Mashamba yakauzwa, maghorofa yakaota mahali pa nyanya. Akabaki na nyumba ya mbao, banda moja dogo la vioo nyuma ya jiko, na chumba cha juu alichokosa la kukifanyia tangu mkewe, Svea, afariki. Chumba hicho ndicho alichonipangisha mimi, Domina, binti wa Bunda niliyekuja kusomea kazi ya maabara ya hospitali.

Nilimwita Farbror, neno lao la baba mdogo, kwa sababu kumwita mzee wa umri ule kwa jina tupu kulinishinda. Yeye aliniita Domina, basi, na kila asubuhi aliniuliza kama nimevaa soksi za sufu.

Ndani ya banda la vioo kulikuwa na mlimau. Mmoja tu. Svea aliupanda kwa mbegu walipokuwa bado vijana, na mizizi yake ilikuwa imeshazama ardhini, haung'oleki. Rutger aliutunza kwa taa kubwa yenye kofia ya bati na kipasha joto kidogo cha umeme kilichojizima chenyewe joto likitosha. Mimi niliona vituko. Kwetu limau linaokotwa njiani, na huku mtu mzima anakwenda kuujulia hali mti kama anayekwenda ukweni. Hata hivyo Jumapili aliniruhusu kuchuma jani moja la kutia kwenye chai, na chai ile ilinirudisha nyumbani kwa nusu saa.

Kiangazi cha mwaka sabini na tatu nilimwona kobe kwenye duka moja la wanyama mjini. Walimwandika kuwa ni kobe wa Ugiriki. Mgiriki gani? Gamba lile la manjano lenye madoa meusi nimelikuta njiani tangu nikiwa mtoto nikienda kuchota maji. Nikamnunua bila kufikiri, nikampa jina la Mashauri, kwa heshima ya mjomba wangu ambaye naye hakimbizwi na mtu. Majira yote ya joto alikula majani ya bustani ya Rutger na kuharibu vitanda vya maua, na mzee hakulalamika sana.

Kisha ikaja Novemba. Kuhusu baridi nilikuwa nimeonywa mpaka nikachoka kusikiliza. Giza hakuna aliyenitajia. Nilikwenda darasani gizani, nikarudi gizani, na kidogokidogo nikaacha kula vizuri, nikaacha kucheka. Mashauri naye akaacha kula. Nilimweka kwenye sanduku karibu na chuma cha kupasha joto kilichokuwa chini ya dirisha, nikidhani joto ni joto. Akafumba macho, shingo ndani, na upepo mwembamba wa dirishani ukimpita mgongoni. Evodius, kijana wa Bukoba aliyekuwa akisoma na kuishi Sundbyberg, aliniletea taa nyekundu ya kulelea vifaranga. Joto likapatikana, ila chumba changu kikawa kama baa, na kobe akaamini ni magharibi kutwa nzima. Evodius akasema tukimkosa kobe, basi tuuze bia. Nilimfukuza na taa yake.

Wakati huohuo mafuta yalikuwa yameadimika duniani. Serikali iliomba kila nyumba ipunguze joto na umeme, na Rutger, ambaye alitii serikali kuliko daktari wake, akateremsha joto la nyumba nzima. Nikaenda madukani kutafuta kipasha joto cha umeme. Vilikuwa vimekwisha, kila mtu amewahi.

Rutger akaniambia suala lenyewe ni dogo: kobe huwekwa kwenye sanduku la majani makavu, anapelekwa chini kwenye ghala la viazi, analala mpaka Aprili. Kila Mswidi mwenye kobe hufanya hivyo. Nikamwambia hao ni wa Ugiriki, wanaijua baridi. Huyu wa kwetu hajui kulala miezi, atakufa hukohuko kwenye viazi. Akasema nina kiburi. Nikasema yeye ndiye mwenye kiburi, tena cha kizee. Tulisimama ngazini tukikoromeana, na hapo likanitoka lile nililokuwa nalo moyoni kwa wiki kadhaa.

"Kobe huyu akifa, Farbror, mimi narudi kwetu. Masomo basi. Mahali asipoweza kuishi yeye, mimi siwezi pia."

Sikuwa natania, na aliona. Alishika ukuta, akashuka ngazi.

Kesho yake nilipotoka darasani nilimkuta chumbani kwangu amepiga magoti, misumari mdomoni. Alikuwa ametengeneza boma la mbao, pana, mbali na dirisha, akamwaga mchanga ndani. Juu ya pembe moja alikuwa ametundika taa kubwa yenye kofia ya bati. Nyuma ya boma kilikaa kipasha joto kidogo, cha kulinda usiku. Nilimuuliza amevitoa wapi. Akasema vilikuwa vimekaa bure.

Akanieleza kwa ufupi, kama anayemwelekeza kibarua mpya. Joto la chini ni la mbegu. Mnyama huyu anapokea jua mgongoni, kwa hiyo joto litoke juu, na mwanga uwe mweupe ili ajue ni mchana. Pembe ya pili ibaki baridi kiasi, achague mwenyewe. Kisha akaniuliza mchana wa kwetu una urefu gani mwezi wa Desemba. Nikamwambia jua huchomoza saa kumi na mbili asubuhi na kuzama saa kumi na mbili jioni, Desemba au Juni, ni yaleyale. Alinitazama kama mtu anayetapeliwa. Halafu akaifunga taa kwenye saa ya kuwasha na kuzima, akaitega vilevile nilivyosema.

Basi ndani ya nyumba ile ya giza pembe moja ikawa na mchana wa Bunda. Mashauri alikaa siku kadhaa bila kuamua. Asubuhi moja nikamkuta chini ya taa, miguu ameitandaza, shingo nje, akitafuna kabichi bila haraka. Nililia mpaka Rutger akapanda ngazi kuuliza kuna nini. Alimtazama kobe, akasema, "Huyu ana akili." Mimi nami nikahamishia meza yangu ya kusomea pale, na mwanga uleule ukanishika mkono. Nikaanza kula. Mitihani ya Januari niliifaulu.

Chai tu ndiyo iliyobaki bila jani. Rutger alisema theluji imeziba mlango wa banda, tungoje.

Aprili jua liliporudi nilimbeba Mashauri kwenda kumwotesha jua kwenye vioo. Mlango ulifunguka kwa kuusukuma tu. Mlimau ulikuwa umesimama palepale, mkavu, majani yote chini, kahawia. Juu yake ilining'inia ndoano tupu iliyokuwa ya taa. Nilielewa nikiwa bado mlangoni, nikaketi kwenye ndoo.

Rutger alinikuta hapo. Nilimwambia kwamba ningejua, nisingekubali. Akasema alijua nisingekubali, ndiyo maana hakuniambia.

"Mlimau ulikuwa wa Svea," alisema. "Svea hayupo tena. Wewe upo."

Mashauri alikuwa ameshateremka kutoka mapajani mwangu. Alikwenda moja kwa moja kwenye majani makavu ya Svea, akaanza kuyala, moja baada ya jingine, kwa heshima zote za mjomba wangu. Rutger akavuta ndoo ya pili, akaketi kando yangu, nasi tukamtazama mpaka aliposhiba. Nilimwambia asante. Kwa Kiswidi ni neno fupi mno, kwa hiyo nikalirudia kwa Kiswahili, naye akaitikia kwa kichwa kama aliyelielewa.