Ruta Kumi na Nne

Mkuu wa chuo chetu pale Rubongi alihesabu ruta sita za kuelekeza mtandao kwenye skrini, akahesabu wanafunzi kumi na wanne, akapata jibu haraka. "Mwalimu, hawa sita wafanye mtihani. Wengine wanasimama nyuma wanaona tu."

Ilikuwa Jumatatu. Mtihani wa vitendo ulikuwa Ijumaa.

Nilimwambia hapana. Hasira zilinipanda, maana mimi nilisoma Busia nikisimama nyuma hivyohivyo. Nilipata cheti cha mitandao bila kugusa ruta hata mara moja, na kazi yangu ya kwanza niliikimbia kwa aibu.

Lakini kosa lilikuwa langu. Hatukuwa na uwezo wa kununua ruta, kwa hiyo niliweka programu ya ruta ndani ya kompyuta moja kuukuu, kila ruta ikijiona mashine kamili yenye diski yake. Wanafunzi walizifikia kutoka kwenye kompyuta ndogo za darasani. Kila moja niliipa diski ya gigabaiti nane, kama mzazi anayenunua sare kubwa ili mtoto akue nayo. Ruta haikui. Ya sita ilipoingia, kompyuta ikajaa, na kumbe ndani ya kila diski programu ilikalia kona tu. Nafasi iliyobaki ilikuwa imefungiwa bure.

Nilifuta zote. Jumanne nilijaribu megabaiti sitini na nne. Ruta iliwaka, lakini nilipoongeza programu ya ulinzi ikagoma. Jumatano nikaweka mia na ishirini na nane. Ulinzi ukaingia, ila hadi saa sita mchana kumbukumbu za matukio ambazo ruta hujiandikia zilikuwa zimejaza diski. Nilitukana peke yangu darasani. Alhamisi nikaweka mia mbili hamsini na sita, nikaitesa kutwa nzima, ikavumilia. Nikanakili hadi zikafika kumi na nne.

Ijumaa kila mmoja alikaa na ruta yake. Mama mmoja kutoka Molo, ambaye muhula mzima alikuwa akiandika daftarini huku wenzake wakibonyeza, alikosea mstari mmoja, ruta ikakata mtandao. Mkuu akanikazia macho. Mama akasoma upya, akarekebisha, mtandao ukarudi. Mtahini akamwandikia alama.

"Mwalimu, imebaki dakika ngapi?" mama akaniuliza.

"Kumi."

Akaiharibu tena, safari hii kwa makusudi, akaanza kuitengeneza.